Mwenye Nyasi Hapigwi

Kitengela,
12 Januari 2025

Naisenya,

Takwenya. Itikia "Iko" hapo ulipo, hata kama sikusikii.

Miezi minne umeenda na umeniandikia barua moja. Mistari mitatu, nimeihesabu. Mimi nilijifunza kuandika kwa darasa la ngumbaru nikiwa na miaka sitini na mbili, mwalimu akinishika kidole kama mtoto, na bado najaza ukurasa. Wewe umesomeshwa mpaka kidato cha nne kwa ndama za baba yako Tajeu, halafu unaniandikia "mimi mzima, chakula kiko, salimia wote." Hiyo ni barua ama ni bango la barabarani?

Hii inabebwa na mume wa Nzilani, huyo wa ploti ya nyuma. Anasema lori lake la jeshi linafika kwenu kila wiki mbili, na kwamba simu mmenyang'anywa. Sawa. Kalamu hamkunyang'anywa.

Hapa ni jua tu. Mvua ya Novemba ilipita kama mgeni ameacha gari ikinguruma. Nyasi nanunua kwa marobota, mimi niliyezaliwa wakati nyasi ya hapa ilificha ndama. Machimboni wanalipua baruti kila siku saa nane, ukuta wa jikoni umepasuka tena, na vumbi la mawe limefanya mbuzi zangu zote kuwa nyeupe. Siku moja nilimfukuza mbuzi wangu mwenyewe nikidhani ni wa jirani.

Sasa sikiza. Lemein, mtoto wa ndugu yangu, alileta ng'ombe kutoka Mashuuru akiomba maji ya kisima changu. Nikampa. Siku mbili baadaye wakaja wengine, watu sisi na wao hatupendani toka zamani. Nao nikawapa, kwani ng'ombe amenikosea nini? Jumanne wakakutana kwa hori. Rungu zikatoka. Mmoja alikuwa tayari anatoka damu sikioni. Nikachomoa nyasi kwa robota, nikasimama katikati, mkono juu. Lemein alinitukana kwa macho, lakini alishusha. Wote walishusha.

Hujasahau, natumaini. Nilikufundisha kabla hujatoa meno: mwenye nyasi hapigwi. Nyasi inalisha ng'ombe na ng'ombe anatulisha sisi. Ukimpiga mtu ameshika nyasi, umepiga tumbo la mama yako.

Niambie unafanya nini huko. Si chakula. Kazi.

Kokoo wako,
Ng'oto Tajeu


Siruhusiwi kuandika mahali,
27 Januari 2025

Kokoo,

Nakuinamishia kichwa, weka mkono wako.

Usikasirike. Barua zetu zinapitia kwa sajini kabla hazijapanda lori, ndiyo maana naandika kidogo. Leo amesema niandike tu, yeye mwenyewe amechoka kusoma.

Kazi yangu ni lango. Nje ya lango tuna mfereji wa maji unaotoka kwa kisima cha kambi, na mji mzima unachota hapo. Maji yanayomwagika yameotesha nyasi kidogo, kijani, pale tu. Kwingine kote ni mchanga na miba. Nikiona hiyo nyasi nakukumbuka.

Unajua tuliletwa huku kusaidia watu wa hapa dhidi ya majambazi wanaotega mabomu. Hiyo niliielewa. Lakini wenyeji wako pande mbili. Kuna askari wa serikali ya mji mkuu, na kuna askari wa jimbo. Wote tulikuwa tunawaita marafiki. Tumekunywa chai na hawa asubuhi na wale jioni. Bunduki zao tulizisafisha pamoja. Sasa wamekosana juu ya nani atatawala mji huu, na wiki iliyopita walipigana sokoni. Ni ndugu kwa ndugu, Kokoo, wengine wameoana.

Hawa wanakuja langoni wanasema, "Tusaidieni, nyinyi ni wageni wetu." Wale wanakuja wanasema hivyo hivyo. Tukimpa huyu maji, yule anasema tumechagua. Tukifunga maji, wote wanasema tunawaua. Tukiondoka, majambazi wataingia siku hiyo hiyo. Tukikaa, tunangoja nani aanze kutupiga. Amri iliyotoka ni hii: lango lifungwe, asiingie mtu, tusisaidie upande wowote.

Niko zamu na Koplo Gakuru, wa Kimuka kule karibu na Ngong. Ananicheka eti Mmasai hawezi kufunga lango kabla ya kuhesabu walioingia. Anasema akirudi atakuja umhesabie ng'ombe za kuoa Kitengela apate ploti.

Wewe ungefanya nini?

Mjukuu wako,
Naisenya


Kitengela,
8 Februari 2025

Naisenya,

Mwambie huyo Gakuru ploti hakuna, na miguu ya mkwe naangalia kwanza.

Sasa umeandika kama mtu. Nimesomewa na Nzilani mara moja na nimejisomea mwenyewe mara tatu.

Ungeniuliza kabla hujaenda ningekwambia. Mgeni akiwa ndani ya boma na wenye boma waanze kupigana, mgeni anachukua fimbo yake anatoka. Hangoji kuulizwa yuko upande gani. Lakini nyinyi hamkuingia kama wageni, mliingia na lori na mizinga, na mtu aliyeingia hivyo hana mlango wa kutokea. Wakubwa wenu hawana nyanya? Hakuna mtu aliwaambia?

Sasa mmeshaingia. Haya.

Maji hayafungwi. Hata mimi, Lemein akiniudhi, sifungi hori. Na lango ni la ng'ombe na fisi, si la watu wanaokimbia. Hiyo amri yenu ya kutosaidia upande wowote ni ya mtu amekaa kwa kiti mbali. Mtu anayekimbia hana upande, ana miguu tu.

Wewe fanya hivi, na nakuagiza kama nyanya yako, si kama mwombaji: ukimwona mtu ameshika nyasi, shusha bunduki. Hata kama ni adui. Hata kama huyo sajini anapiga kelele. Hiyo sheria ni ya zamani kuliko sajini.

Nimetemea karatasi hii mate ya baraka. Usifikirie ni mvua, mvua hakuna.

Ng'oto Tajeu


24 Februari 2025

Kokoo,

Mimi mzima. Chakula kiko. Lango limefungwa na hali imetulia kidogo. Gakuru anakusalimu.

Salimia wote.

Naisenya


Kitengela,
9 Machi 2025

Naisenya,

Umenidanganya. Na si uongo mdogo.

Mume wa Nzilani alisimama kwa mlango wangu na kofia mkononi. Mwanaume akitoa kofia kabla hajasalimia, mimi nakaa chini. Nilidhani ni wewe. Nataka ujue hiyo. Kwa muda wa kupumua mara tano ulikuwa umekufa, na mimi nilikuwa naangalia kofia.

Akasema ni yule mwenzako wa Kimuka. Alipigwa langoni tarehe kumi na tisa. Alizikwa kwao ishirini na sita. Na barua yako, ya ishirini na nne, inasema ananisalimu!

Sisi jina la aliyeenda halitajwi. Unajua. Unalijua hilo tangu babu yako alipotuacha. Na wewe hukulitaja tu, ulilifanya lije mpaka nyumbani kwangu kunisalimia. Nikalijibu! Nilikaa hapa nikasema "Iko" kwa mtu amelala kwa mchanga.

Kwa hivyo kutoka leo hatumwandiki. Ni "mwenzako."

Na wewe nakujua. Ulipovunja kibuyu changu cha maziwa ukiwa na miaka saba ulikaa siku nzima unaimba. Ukidanganya ni kwa sababu kuna kitu kimekukaa kifuani. Kitoe. Usinipe mistari mitatu. Andika mpaka kalamu iishe, na kama ikiisha, mume wa Nzilani ana nyingine, nimempa.

Sijalala sawasawa. Sijalia pia, usijidanganye.

Ng'oto Tajeu


16 Machi 2025

Kokoo,

Kalamu nimepata.

Nitaandika mara moja tu.

Ilikuwa saa sita mchana. Walianza kupigana tena, hawa kutoka upande wa soko, wale kutoka upande wa shule. Sisi tuko katikati na lango limefungwa. Watu wakaanza kukimbia kuja kwetu. Amri ilikuwa nipige risasi hewani warudi nyuma. Mwenzangu alikuwa kwa magunia ya mchanga kushoto, mimi kwenye komeo.

Mbele ya wote alikuwa mama mzee. Alikuwa anakimbia, mkono mmoja juu, na mkononi ameshika nyasi.

Kokoo, sikufikiri. Bunduki ilishuka yenyewe. Nikafungua komeo. Mwenzangu aliniangalia, akasema, "Naisenya, umefanya nini?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anauliza saa. Halafu watu wakaingia, wengi, na wengine walikuwa wameanguka njiani, mama na watoto, na yeye akaruka magunia akaenda kuwavuta. Alileta mmoja. Alienda wa pili. Akapigwa hapo kwa nyasi, kando ya mfereji.

Risasi ilitoka upande gani hatujui. Hawa wanasema ni wale. Wale wanasema ni hawa. Wote walikuja kutupa pole, na wote walikuja na bunduki.

Kati ya walioingia kulikuwa na wanaume wawili wa jimbo, wameficha silaha ndani ya kikoi. Kwa hivyo wa serikali wanasema sasa tumechagua. Jana walirusha bomu karibu na jikoni. Kufungua lango mara moja kumetufanya tuwe upande. Tusingefungua, tungekuwa upande vilevile, ila upande wa nani sijui.

Na yule mama. Baadaye tulipata mtu wa kutafsiri. Nikamuuliza kuhusu nyasi. Alicheka, Kokoo, na damu bado iko kwa nguo yake. Alisema alikuwa anakatia mbuzi wake pale kwa mfereji wetu, risasi zikaanza, akasahau kuitupa. Huku nyasi si kitu. Ni chakula cha mbuzi. Hakuwa ameomba chochote. Mimi ndiye nilisikia.

Kuna kikao cha uchunguzi tarehe kumi Aprili. Sajini ananihurumia. Ameandika karatasi inayosema mwenzangu ndiye alifungua lango, bila kuniambia, na mimi nilijaribu kulifunga. Anasema, "Yeye haadhibiwi tena, wewe bado uko na maisha." Kinachobaki ni sahihi yangu. Nikiweka, nabaki na kazi. Nisipoweka, navuliwa cheo na narudishwa, labda na jela juu yake.

Nimechoka. Naona nitaweka.

Usinijibu kwa hasira. Ulinifundisha vizuri, ni mimi niliyeenda mahali pasipo watu wetu.

Naisenya


Kitengela,
30 Machi 2025

Naisenya,

Sina hasira. Hasira inataka nguvu na mimi zangu nimezimalizia barabarani. Nisikize mpaka mwisho.

Barua yako ilinipata Jumapili. Nilikaa nayo siku mbili. Mtoto hajiandikii sheria, anaandikiwa. Nani alikwambia shusha bunduki? Nilikuagiza kwa karatasi, na mate juu. Nilikuwa nimekaa kwa kiti mbali, kama hao wakubwa wenu niliowatukana. Nikadhani hori yangu ni dunia.

Jumatano nikaenda Kimuka, kwa mama wa mwenzako.

Mtu haendi kwa mama kama huyo mikono mitupu. Sukari ni ya matanga ya kawaida. Mimi nilikuwa naenda kumwambia kitu ambacho angeweza kunipigia. Kwa hivyo nilitafuta nyasi. Si ya robota, iliyokufa inaamua ugomvi lakini haiombi msamaha. Nilizunguka asubuhi nzima na fimbo, mimi na goti langu, mpaka nikapata kando ya barabara ya machimbo, pale bomba la maji linavuja. Ilikuwa imeota shada dogo. Nilivuta kwa mkono, nikaifunga kwa kitambaa chenye maji isinyauke.

Nyumba yao ina bati jipya na kaburi liko karibu na ua wa miti. Mama yake anaitwa Wanjira. Ni mdogo kwangu, lakini siku hizi uzee ametuzidi wote. Alikuwa anakama. Ng'ombe mmoja, mwembamba, mwenye madoa.

Nilisimama kwa kilango, nikainua mkono na nyasi. Nilikuwa nimepanga maneno njia yote na yote yakaanguka.

Akaniangalia. Akaja, akaichukua mkononi mwangu. Akasema, "Asante, mama. Ni siku nyingi huyu hajaona kijani." Akageuka akampa ng'ombe.

Naisenya, ng'ombe aliimaliza kwa kung'ata mara tatu. Nilisimama hapo nikiangalia. Hakujua. Kwao nyasi si hivyo. Nikaelewa ulivyosimama wewe kwa hilo lango.

Ningeweza kunywa chai niondoke. Alikuwa anaweka maji. Nikamwambia, "Usiweke. Mimi ni nyanya ya Naisenya. Kuna watu watakuja kukwambia mtoto wako alifungua lango kinyume cha amri. Si yeye. Ni mjukuu wangu. Na mjukuu wangu nilimfundisha mimi."

Akakaa kwa ndoo ya maziwa ameigeuza, maziwa yote yamemwagika hakuona. Kuku walimaliza maziwa. Nilingoja anifukuze. Ningeenda.

Akasema, "Alifanya nini basi, kama si yeye alifungua?"

Nikamwambia alitoka kuvuta walioanguka. Alileta mmoja, akarudia wa pili.

Akasema, "Hiyo ni yeye." Halafu akauliza, "Na wale walioingia, walipona?"

Sikujua. Nimeenda kwa mama wa watu, nimemwaga maziwa yake, na sikuwa na jibu la swali lake moja. Umeniandikia mabomu na sajini na vikoi, hukuniandikia hiyo.

Sasa hii karatasi. Sajini ni mtu mzuri, mshukuru. Lakini unataka kumpa mwenzako kosa lako alibebe kaburini, kwa sababu hana mdomo. Mama yake ana mdomo. Mimi pia niko nao. Kila siku kilango chake kitakuwa hapo Kimuka na wewe huwezi kukipita.

Kazi ni kazi. Utachunga. Utavunja mawe. Utaniudhi hapa nyumbani mpaka nife. Sikulazimishi. Nimekuagiza mara moja na tazama.

Jibu swali la Wanjira tu.

Ng'oto Tajeu


13 Aprili 2025

Kokoo,

Nilikataa karatasi. Niliwaambia ni mimi, na kwa nini. Nilipofika kwa nyasi, afisa mmoja aliacha kuandika. Akauliza, "Nyasi?" Nikasema ndiyo, afande, nyasi. Akaandika.

Nimevuliwa cheo. Jela sikupewa, sijui kwa nini. Nafika Ijumaa ya tarehe ishirini na tano na lori la mume wa Nzilani.

Hapa wamekubaliana kusimamisha vita kwa siku thelathini. Hakuna anayeamini. Lango limefungwa tena na mfereji umehamishwa mbali, kwa hivyo ile nyasi imekauka. Vikosi vyetu vinabaki. Hakuna aliyenieleza vinangoja nini.

Mwambie Wanjira: walioingia walikuwa arobaini na watatu. Watu wazima wawili walikufa kwa majeraha siku ile. Waliobaki arobaini na mmoja wako hai mpaka leo asubuhi, niliwazunguka mmoja mmoja nikiwahesabu, kama mwenzangu alivyokuwa akinicheka. Yule wa kwanza aliyevutwa ni msichana wa miaka kama tisa. Mguu wake umepona, anachechemea.

Yule mama mwenye mbuzi aliuliza kwa nini naondoka. Nilimwambia narudi kwa nyanya yangu.

Nitapitia Kimuka kabla sijafika kwako. Nitaenda peke yangu. Goti lako lipumzike. Na sijui nitashika nini mkononi.

Naisenya


Kitengela,
20 Aprili 2025

Naisenya,

Goti ni langu, nitalipeleka ninapotaka. Utashukia kwa barabara ya machimbo, nitakuwa hapo nimekaa kwa jiwe.

Mvua bado. Lakini bomba hawajalitengeneza, pale bado ni kijani.

Ng'oto Tajeu